Bega la kushoto, ganzi ya mkono na kitanda cha nne kwa sita: jibu kwa mama anayelala na mtoto

SWALI

Shikamoo dada. Nina miaka 27, naishi Mbagala, na nina mtoto wa kiume wa miezi minne. Nilijifungua kwa operesheni. Tunalala watatu kwenye kitanda cha nne kwa sita: mtoto ukutani, mimi katikati, baba yake pembeni. Mtoto ananyonya usiku kucha. Kila asubuhi naamka bega la kushoto linauma, mkono huo umekufa ganzi mpaka vidole viwili vya mwisho, kiuno kimekaza, na kidole gumba cha kulia nikimnyanyua mtoto nasikia kama kisu. Mume wangu anaendesha bodaboda, naye analalamika shingo. Wifi yangu anasema ni sindano ya mgongo niliyochomwa siku ya operesheni na kwamba nitakuwa hivi maisha yangu yote. Jirani kanipa tramadol, bado sijaimeza. Je, ni sindano? Niache kulala na mtoto? Na dawa gani naweza kumeza huku nanyonyesha?

JIBU

Marahaba, mdogo wangu, na hongera ya uzazi. Kabla ya yote, hiyo tramadol usiimeze. Inapita kwenye maziwa, inaweza kumlegeza mtoto na kumpunguzia pumzi, na wewe mwenyewe itakulaza usingizi mzito ubavuni mwa mtoto. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba mama anayenyonyesha asitumie tramadol wala kodeini. Dawa unazoweza kumeza zipo, nitazitaja huko mbele.

Tuje kwenye sindano. Neno hili nalisikia mara kwa mara, na linaniumiza, kwa sababu mwanamke akishaamini kuwa mgongo wake uliharibiwa na sindano, anaacha kutafuta kinachomuumiza kweli. Sindano ya ganzi huchomwa chini, usawa wa kiuno, mahali ambapo uti wa mgongo wenyewe, yaani ule mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani ya mifupa ya mgongo, umeshaishia juu yake. Ni nyembamba mno. Pale palipochomwa panaweza kuuma siku chache, na wengine hupata maumivu makali ya kichwa katika wiki ya kwanza. Lakini wataalamu waliofuatilia akina mama waliochomwa na wasiochomwa hawakukuta kwamba waliochomwa wanaumwa migongo zaidi miezi na miaka baadaye. Mama zetu wengi waliojifungua bila ganzi yoyote nao waliumwa viuno. Tena fikiria mwenyewe: sindano ya kiunoni itaumaje kwenye kidole gumba?

Kiuno chako kina sababu zake. Wakati wa ujauzito mwili hutoa homoni iitwayo rilaksini, inayolegeza nyuzi zinazofunga viungo vya nyonga ili mtoto apate njia. Kulegea huko hakuishi siku unapojifungua. Viungo huchukua miezi kukaza tena. Juu ya hayo, misuli ya tumbo ilitanuka miezi tisa, kisha siku ya operesheni ikasogezwa pembeni ili daktari amfikie mtoto. Misuli hiyo ndiyo mkanda wa mbele wa mgongo. Ukiwa umelegea, mgongo unafanya kazi peke yake mchana kutwa, na usiku unategemea kitanda kiupumzishe. Chako hakiupumzishi.

Mama akinijia kliniki ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli kwa mazoezi, na malalamiko kama yako simhoji sana. Nampa kanga mbili nilizoviringisha zikawa na ukubwa wa mtoto, namwambia, "Panda kitandani, lala kama unavyolala kwako." Haipiti dakika, yote yanaonekana. Bega la chini limekandamizwa limepanda mpaka sikioni. Kiwiko kimekunjwa na mkono umeingia chini ya kichwa. Shingo imeinama kutazama titi. Magoti yamevutwa juu. Nyuma hakuna kitu kinachomwegemeza, makalio yako ukingoni kabisa, na mguu wa juu umeteremka unakanyaga sakafu ili asianguke. Nakumbuka mama mmoja niliyemwacha hivyo makusudi huku nikiandika kwenye faili lake. Baada ya muda nikamuuliza mbona hajageuka. Akanijibu kwa kunong'ona, kana kwamba zile kanga zingeamka, "Nitamlalia."

Hapo ndipo maumivu yako yalipo. Mtu mzima anayelala peke yake hugeuka mara nyingi usiku bila kujua. Kabla nyama na mishipa haijabanwa sana, mwili wenyewe unahama upande. Wewe umeuzuia usihame, kwa hofu ya kumlalia mtoto, na kwa sababu hata ukitaka kuhama hakuna nafasi. Pima mwenyewe. Futi nne ni sentimita 122. Mabega ya mumeo yanachukua kama 40, mtoto anayerusha mikono anachukua kama hizo hizo, wewe unabaki na upana wa meza ya kupigia pasi. Juu yake umelala ubavu mmoja, saa sita au saba.

Huo mkao wa kujikunja kumzunguka mtoto hukuuvumbua wewe, na una maana yake. Helen Ball wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, na James McKenna wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, wamewachunguza akina mama wanaonyonyesha wakiwa wamelala na watoto wao, kwa kamera za usiku, na mkao ni huo huo: mtoto usawa wa titi, magoti ya mama chini ya nyayo zake, mkono wa mama juu ya kichwa chake. Goti linamzuia asishuke ndani ya shuka, mkono unamzuia asipande kwenye mto, na mama hawezi kirahisi kubingirika mbele. Ni mkao mzuri wa kunyonyeshea. Unaumiza pale unapogeuzwa kuwa mkao wa usiku kucha.

Sasa hapa naomba tuwe waangalifu pamoja. Ukimwambia mtu yeyote kwamba mgongo unauma kitandani atakupa ushauri wa namna tatu: ongeza mito, nunua godoro laini, meza dawa kali ulale. Kwa mama mwenye mtoto kitandani, zote tatu zinaweza kumdhuru mtoto. Mto unamziba pumzi, godoro linalobonyea linambingirisha kwako, na dawa inakufanya usimsikie. Kwa hiyo kila ninachokuambia kuanzia hapa nimekichuja kwanza kwa kuuliza kinamfanya nini mtoto.

Uliuliza kama uache kulala naye. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, kinashauri mtoto alale chumba kimoja na wazazi lakini kwenye sehemu yake mwenyewe, angalau miezi 6 ya kwanza. Huo ndio usalama mkubwa zaidi, sitakuficha. Najua pia kwamba kwetu mtoto kulala na mama ni desturi, chumba ni kimoja, usiku mbu wapo, na mama anayenyonyesha mara nne tano atapitiwa na usingizi naye ubavuni, apende asipende. Ila kuna hali ambazo kulala naye kitanda kimoja sikubaliani nako hata kidogo: mtoto akiwa njiti au alizaliwa chini ya kilo 2.5 na bado ni mdogo. Wewe au mumeo mkiwa mnavuta sigara. Mmoja wenu akiwa amekunywa pombe au amemeza dawa ya kusinzisha. Na kwenye kochi, usilale naye kamwe, hata dakika kumi. Mtoto huteleza kwenye mkunjo kati yako na mto wa kochi, na humsikii. Ukiona usingizi unakuzidi umekaa kwenye kochi unanyonyesha, bora uhamie kitandani.

Kwenye kitanda chenu kuna jambo ambalo hukuliuliza nami lazima niliseme: ukuta. Akina mama wengi huona ukutani ndiko salama kwa sababu mtoto hawezi kuanguka. Lakini kitanda husogea kidogo kidogo kila siku, nafasi inajitengeneza kati ya godoro na ukuta, na mtoto wa miezi minne ndiyo kwanza anaanza kubingirika. Akitumbukia pale hanyanyuki. Leo usiku pitisha kiganja kati ya godoro na ukuta. Kikipita, hapo si mahali pa mtoto, na usizibe kwa nguo au mto, maana vitu hivyo navyo humfunika uso.

Ningekuwa jirani yako ningekusaidia kupanga hicho chumba upya. Tafuteni godoro dogo la pili, la futi mbili na nusu kwa sita, gumu, hata la inchi nne, liwekwe sakafuni juu ya mkeka, mbali na ukuta na mbali na kabati. Usiku wewe na mtoto mlale chini, baba abaki kitandani. Au mtoto alale peke yake kwenye hilo dogo, na wewe kwenye godoro lenu kubwa lililoshushwa chini karibu naye, umvute ukimnyonyesha na umrudishe akishiba. Mpango huu wa pili naupenda zaidi, kwa sababu mtoto anapata sehemu yake na wewe unapata nafasi ya kugeuka. Hofu ya kuanguka nayo inaisha, na hofu ikiisha mwili unalegea wenyewe. Kila godoro linalolaliwa liwe na chandarua. Chandarua kiwe kipana, kichomekwe chini ya godoro pande zote, kisiwe cha kubana mpaka ulale umejikunyata ndani yake kama samaki kwenye wavu. Nacho kinachangia maumivu kuliko watu wanavyodhani.

Kuna wazee watakaofurahi kusikia baba amehamishwa, watasema ni vizuri asije akambemenda mtoto. Mimi simhamishi kwa sababu hiyo. Mtoto hudhoofu kwa kukosa chakula cha kutosha na kwa maradhi. Wazazi kulala pamoja hakumdhoofishi. Namhamisha kwa sababu futi nne haziwatoshi.

Godoro lenyewe lichunguze. Litandue, ulaze mpini wa fagio juu yake kukatiza upana, pale unapolala wewe. Kama ngumi inapita chini ya mpini, godoro limekufa hapo, na usiku kucha kiuno chako kinaning'inia ndani ya shimo huku mtoto akiteremkia kwako. Kabla ya kulilaumu, linyanyue uangalie chaga. Mara nyingi sana godoro ni zima, ila chaga moja imevunjika au zimepangwa mbali mbali. Fundi seremala atakuongezea chaga, au mweke kipande cha plaiwudi juu yake. Kama shimo ni la sponji yenyewe, ligeuze la juu liwe chini, na upande wa kichwani uende miguuni, upate nafuu ya miezi kadhaa. Sikuambii ununue godoro la gharama. Gumu na bapa linawatosha wote wawili, na kwa mtoto ndilo linalotakiwa.

Sasa mwili wako, kiungo kwa kiungo.

Bega la kushoto linauma kwa sababu unalala kwenye ncha yake. Ndani ya bega kuna kano nyembamba zinazopita kati ya mfupa na mfupa, na uzito wa kifua kizima ukizikalia usiku kucha zinavimba. Ukilala ubavu, livute bega la chini mbele kidogo mpaka usikie umelalia bapa la bega. Tofauti utaisikia saa hiyo hiyo. Kisha usisimame wima juu ya ubavu kama ubao. Legea nyuma kidogo, uegemee kitu. Kitu hicho kiwe nyuma yako: mto, au blanketi lililoviringishwa likafungwa vizuri kwa kamba ya kitambaa. Mbele yako, upande wa mtoto, pasiwe na chochote isipokuwa yeye. Kichwani tumia mto mmoja, unene wake ujaze nafasi kati ya sikio na godoro, na uuvute nyuma uwe wako peke yako. Uso wa mtoto uko usawa wa titi, kwa hiyo mto hauna sababu ya kumfikia.

Na shingo? Acha kumtazama. Mtoto wa miezi minne anajua kulitafuta titi. Msogeze yeye aje kwako, tumbo lake liguse tumbo lako, wewe kichwa chako ukilaze mtoni. Mama anayenyonyesha ameinua kichwa kuchungulia, kila mara robo saa, ameifanyisha shingo kazi ya kubeba ndoo.

Ganzi ya vidole viwili vya mwisho inatoka kwenye kiwiko. Kuna mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kiwiko, ule ambao ukiugonga kwenye kona ya meza unasikia umeme mpaka kidole kidogo. Kiwiko kikikunjwa sana kwa saa nyingi, mshipa unavutwa na kubanwa, na chakula chake cha damu kinapungua. Ndiyo maana ukiunyoosha mkono asubuhi na kuutikisa, hisia zinarudi zikichoma choma. Usiweke mkono chini ya kichwa chako. Unyooshe juu ya kichwa cha mtoto, ulale kwenye godoro, kiwiko kiwe kimefunguka. Kama mkono unajikunja wenyewe usingizini, chukua soksi ndefu ya zamani, ikate upande wa vidole, ivute mpaka kwenye kiwiko, halafu ndani yake, upande wa mbele kwenye mkunjo, ingiza taulo dogo lililokunjwa. Mkono hautakunjika mpaka mwisho, na hakuna kitambaa kinachoning'inia karibu na mtoto. Mpe mkono wako wiki tatu nne za kulala hivyo.

Wengine ganzi yao huanzia kwingine: mtoto amelazwa kichwa juu ya mkono wa mama, au wa baba, usiku kucha. Mshipa unaopita nyuma ya mkono wa juu unabanwa, na mtu anaamka kiganja kimeanguka, hawezi kukiinua. Huwa kinapona kwa wiki au miezi, lakini kinatisha. Mtoto naye kichwa kikiinuliwa hivyo kidevu kinaangukia kifuani na njia ya hewa inabanwa. Kichwa cha mtoto kilale kwenye godoro.

Kuna siri ndogo inayosaidia kuliko mazoezi yote. Unaumwa bega la kushoto kwa sababu mtoto yuko ukutani, na ukuta uko kushoto kwako. Kila usiku unamgeukia upande huo huo. Mkishahamia chini, leo lala kichwa kikiwa upande wa mchago, kesho kichwa upande wa miguu, mtoto akibaki upande ule ule wa chumba. Kwa njia hiyo usiku mmoja unalalia kushoto, wa pili kulia. Maziwa yote mawili yananyonywa sawasawa, na mtoto naye hageuzi shingo upande mmoja tu kila siku, jambo ambalo huwafanya watoto wengi wawe na kichwa bapa upande mmoja.

Akishamaliza kunyonya, hili ndilo nakuomba ulifanye hata kama mengine yote yatakushinda: mwachishe taratibu, mlaze chali, kisha wewe jiachie nyuma mpaka ulale chali, au umpe mgongo kabisa kama ana godoro lake. Usibaki pale pale titi likiwa mdomoni ukisubiri kuche. Mwanzoni atalia kidogo kwa sababu amezoea. Usiku wa tatu wa nne anazoea hivyo. Titi linalobanwa usiku kucha chini ya mwili au na sidiria ya kubana nalo hupata shida: uvimbe mgumu, wekundu, joto, na ukianza kutetemeka kwa homa hiyo ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo, huku ukiendelea kunyonyesha.

Kiuno kwa usiku kinataka vitu viwili. Katikati ya magoti weka taulo lililokunjwa likafungwa, dogo na gumu, ili goti la juu lisianguke mbele na kuikamua nyonga. Na unapoamka usijinyanyue kifudifudi wala kwa kukunja tumbo huku umemshika mtoto. Mwache mtoto alale, geuka ubavu, teremsha miguu, jisukume kwa mkono mpaka ukae, halafu ndipo umchukue. Ukiwa sakafuni pitia kwenye magoti, shika kigoda. Kukandwa naruhusu, taulo la maji ya vuguvugu kiunoni dakika 15 hivi jioni linalegeza misuli vizuri. Maji ya moto ya kuchoma hapana, na kwenye kovu la operesheni hapana kabisa.

Mchana fanya machache kila siku. Wakati maji ya ugali yanachemka, simama umeegemea ukuta, visigino mbali kidogo, na ubonyeze kiuno kiguse ukuta huku ukitoa pumzi na kuvuta kitovu ndani. Mara kumi. Kisha rudisha kidevu nyuma kana kwamba unataka kutengeneza kidevu cha pili, na ubane mabapa ya mabega kwa nyuma kama unashika penseli katikati yake. Mara kumi. Tembea, ukiwa umembeba mgongoni kwa kanga iliyofungwa juu, karibu na mwili. Kanga inayoning'inia kiunoni inavuta mgongo nyuma. Usianze mazoezi ya kulala chali na kujinyanyua kifua kupunguza tumbo. Bado ni mapema kwa tumbo lako.

Kidole gumba kina jina lake. Daktari mpasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, alilieleza tatizo hili mwaka 1895, na mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Kano mbili zinazoliinua gumba hupita kwenye kijitundu chembamba upande wa kifundo cha mkono. Ukimnyanyua mtoto kwa kumtia viganja kwapani, gumba limesimama na kifundo kimepinda, uzito wote, ambao kwa mtoto wa kiume wa miezi minne ni karibu kilo 7, unaning'inia kwenye kano hizo. Fanya hivyo mara ishirini kwa siku, nusu yake usiku ukiwa na usingizi na umepinda ubavu, zitavimba na kushindwa kupita. Jipime: ficha gumba ndani ya ngumi, kisha pinda kifundo kuelekea kidole kidogo, polepole. Ukisikia kile kisu chako, ndilo hilo. Dawa yake kubwa ni kubadilisha unavyobeba. Geuza viganja viangalie juu, mchote mtoto kama unavyochota unga kwa mikono miwili, mkono mmoja chini ya makalio na mwingine chini ya mabega, gumba likiwa limelala pamoja na vidole vingine. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika kumi jioni, na kifaa cha kushikilia gumba na kifundo ukikipata. Zikipita wiki sita haijapungua, hospitali wanaweza kukuchoma pale sindano ya kupunguza uvimbe, na wengi hupona nayo.

Kuhusu dawa. Parasetamo ni salama ukinyonyesha: vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku. Ibuprofeni nayo inafaa, miligramu 400 baada ya chakula hadi mara tatu kwa siku, kwa siku chache, kama huna vidonda vya tumbo, pumu wala shida ya figo. Aspirini acha. Na usidharau dawa za mafua: Piriton ambayo watu hununua dukani kama pipi inasinzisha, na usiku uliyoimeza wewe au baba, mtoto alale kwenye godoro lake.

Mumeo usimsahau. Anaendesha pikipiki kutwa, shingo ikiwa imekaza chini ya helmeti, kisha usiku analala ukingoni amejibana asimsukume mkewe. Nafasi ya kutosha ya kulala, mto mmoja, na usingizi wa kutosha vitamponya zaidi ya dawa za kuchua. Kwake hili ni zito kuliko shingo, maana dereva wa bodaboda anayesinzia barabarani anahatarisha roho yake na ya abiria wake.

Nenda hospitali usisubiri ukiona mojawapo ya haya: mguu kulegea au ganzi ya sehemu za siri na makalio, mkojo au choo kutoka bila kujua, au mkojo kukataa kutoka, maumivu ya mgongo yenye homa, mgongo unaouma usiku hata ukibadili mkao, pamoja na kukonda na kutoka jasho usiku, kwa sababu kwetu kifua kikuu cha mifupa ya mgongo kipo, mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu, hasa wiki sita za kwanza baada ya kujifungua, kidole au kiganja ambacho ganzi yake haiondoki mchana au kimeanza kukosa nguvu. Kwa hilo la mwisho usikae zaidi ya wiki moja.

Yote mengine uliyonieleza yanapaswa kuanza kulegea ndani ya wiki mbili tatu tangu upate nafasi ya kugeuka. Ukija kliniki ya fiziotherapia, njoo na mtoto, nikuone unavyombeba na unavyolala naye. Na baba mtoto mwambie leo jioni, kabla hajatoka na pikipiki, anyanyue godoro muangalie chaga.